Kiptoo Aliyebebwa kwa Leso

Woodbridge, Virginia, Aprili 1997

Mpendwa mshauri wangu Bi Domina,

Naomba msaada wako, na naomba pia usome hadi mwisho kabla hujacheka, maana ukifika pale nitakapokuambia kwamba anayeninyima usingizi ni mnyama utadhani nimekosa la kufanya, na la kufanya ninalo tele. Mimi ni Chelagat, mzaliwa wa Nandi, mke wa Mutai, na tunaishi nje kidogo ya Woodbridge kwenye shamba dogo la bibi mmoja Mmarekani, Bi Dunstan, aliyeniajiri nimwogeshe, nimpikie na kumpa dawa zake, na kabla mwaka haujaisha nikajikuta nawatunza hata alpaka wake, kwa sababu magoti yake hayawezi tena mteremko wa kwenda zizini na alikuwa akishinda dirishani akiwatazama na kufuta macho.

Labda hujawahi kumwona alpaka. Ni wa ukoo wa ngamia, ila hana nundu, na kichwa chake kinaishia usawa wa kidevu changu. Asili yake ni milima ya Peru, na manyoya yake ni laini hata mkono ukiingia hautaki kutoka, tena ana kope ndefu ambazo wasichana wa hapa wanazinunua dukani. Mimi nimezaliwa katikati ya ng'ombe, Bi Domina, baba yangu alimjua kila ng'ombe wake kwa kikohozi, na sikutegemea mnyama mwingine aniteke moyo, lakini hawa wameniteka, tena kabisa.

Kwanza ni wasafi. Kundi zima huchagua mahali pamoja pa kujisaidia na hungojana kwa zamu kama waumini kwenye choo cha kanisa baada ya ibada ndefu, kwa hiyo nikishuka asubuhi na koleo na toroli kazi yangu iko sehemu moja, si kama ng'ombe ambaye popote ni popote. Kisha nawatilia nyasi kavu, nawabadilishia maji kwa sababu maji yaliyolala hawayataki, na nampitishia kila mmoja mkono ndani ya manyoya mpaka niguse uti wa mgongo, maana manyoya ni mwongo mkubwa, mnyama anaweza kubaki mifupa mitupu na wewe unamwona amenenepa. Kila mwezi nawadunga sindano ya kuwakinga na minyoo inayoletwa na paa wanaotoka msituni, minyoo ambayo ikimwingia alpaka humfanya ashindwe kusimama. Kucha zao nazikata mimi, na joto la Julai likishika nawawashia feni kubwa bandani na kuwamwagia maji tumboni na miguuni, mgongoni kamwe, maana manyoya yakilowa juu ni kama umemfunika mtu blanketi bichi juani. Yote haya Bi Dunstan alinifundisha akiwa dirishani, akipaza sauti, na nilipokosea alikuwa akigonga kioo kwa fimbo yake, na siku hizi akigonga ni kuniita tu tukanywe chai. Nao wananena, Bi Domina, si kulia, ni kuguna taratibu, mmm, mmm, kama mtu anayekuuliza jambo kwa adabu, na nikiingia kati yao nikiwa nimechoka na nimekasirika hutoka nimepoa.

Sasa niseme yaliyonileta. Septemba ya mwaka juzi jike mmoja alizaa dume, akatokwa na damu nyingi, na kabla daktari wa mifugo hajafika alikuwa amekufa. Siku hiyo tulikuwa na wageni wa ushirika wetu wa maombi, wameketi na sahani zao, kwa hiyo yule yatima nikamwita Kiptoo, jina ambalo kwetu tunampa mtoto wa kiume aliyezaliwa wageni wakiwa nyumbani. Kwetu ndama akifiwa na mama huletwa ndani karibu na moto, hupewa maziwa kwa mkono, hulala na watoto, na hakuna anayeshangaa, kwa hiyo nami nikamleta Kiptoo jikoni, nikampa chupa, na kila nikimweka chini analia, na vyombo viko kwenye sinki, na Bi Dunstan anangoja kuogeshwa, basi nikafanya ambalo mama yeyote wa kwetu angefanya, nikachukua leso yangu ya kanga nikamfunga mgongoni, shingo yake ndefu ikatokeza karibu na sikio langu. Bi Dunstan alicheka hadi nikamletea dawa yake ya pumzi, akasema tangu aanze kufuga hajawahi kuona alpaka amebebwa hivyo.

Yeye alicheka, mimi nililia, na hili sijamwambia mtu. Nilipokuja nchi hii nilimwacha binti yangu Chebet kwa mama yangu akiwa na miaka miwili, bado ananyonya, na tangu siku ile mgongo wangu ulikuwa mtupu. Kiptoo alipolala usingizi pale mgongoni, akapumua kwa joto lile, nilisimama mbele ya sinki nikafungulia maji ili Bi Dunstan asinisikie. Basi nikambeba siku nyingi, Bi Domina, kuliko zilizohitajika, na hata alipoweza kula nyasi alikuwa bado analala kwetu besimenti, chumba cha chini ya nyumba ya Bi Dunstan, kando ya kitanda, Mutai akilalamika kwamba ameoa mke mmoja akaongezewa ngamia.

Kiptoo akakua, na mimi nikawa namcheka. Alimtemea mate mtu wa barua, nikacheka. Alianza kunisukuma kwa kifua nikimnyima chupa, nikacheka, nikasema anacheza. Kwa wenzake hakutaka kwenda, anawatazama kama watu wa kabila lingine. Hadi Jumapili moja ya mwezi uliopita, rafiki yangu Aketch alipokuja na binti yake Akinyi, mtoto wa miaka saba, ambaye ananipenda sana kwa sababu ya maandazi yangu, na lango lilikuwa halijafungwa vizuri. Akinyi alinikimbilia akanikumbatia kiunoni, na kabla sijamwitikia nikasikia vishindo, Kiptoo akaja mbio, shingo chini, masikio nyuma, akampiga yule mtoto kwa kifua akaanguka chali, kisha akasimama juu yake akipiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia. Nilimvuta kwa nguvu zangu zote. Mtoto alipasuka mdomo, akatetemeka hadi jioni. Aketch hakunitukana, na afadhali angenitukana, alinitazama tu akasema, "Chelagat, hiyo mnyama imeona mtoto wangu amekushika, ndiyo maana imekuja. Huo si wazimu. Huo ni wivu."

Daktari wa mifugo alikuja kesho yake. Aliuliza amelelewa vipi, nikamweleza hata ya leso, naye akanieleza bila kunidharau kwamba dume akilelewa na mtu peke yake hukua akiamini watu ndio alpaka wenzake, na akibalehe hupigana na watu kama ambavyo angepigana na madume, na yule aliyemlea humlinda kama mali yake. Akasema njia ni mbili. Ama ahasiwe na kupelekwa kwenye zizi la chini pamoja na madume wakubwa, asishikwe, asiitwe, asilishwe kwa mkono na mtu yeyote kiangazi chote, kisha mwanzo wa Agosti yeye mwenyewe aje amtazame tena. Ama apewe sindano ya kumlaza moja kwa moja. Na hata hiyo njia ya kwanza hakuniahidi chochote. Bi Dunstan alinishika mkono akasema, "Wewe ndiye uliyemfanya aishi, Chelagat. Utakalosema ndilo nitakalolifuata," na tangu hapo hajataja tena jambo hilo, ila naona anaomba.

Nikachagua ya kwanza. Alihasiwa, akapona, akapelekwa chini. Wale madume walimpokea kwa mateke na mate, na yeye alichofanya ni kuja kusimama kwenye uzio unaotazama jiko, akaguna kuanzia asubuhi, mmm, mmm, akinitafuta kwa macho kila nikipita dirishani. Nilivumilia siku chache, kisha nikashindwa, nikateremka na chupa, nikasema mara moja tu, na aliponiwekea shingo begani nilisahau kila kitu. Kumbe Mutai alikuwa amerudi mapema kutoka kazini Arlington na ananitazama akiwa ndani ya gari.

"Chela, unamfundisha nini sasa?" akaniuliza. "Tumekaza wiki nzima, wewe unakuja na chupa?"

"Ni mara moja tu. Amekonda."

"Amekonda wapi? Huyo ame-miss wewe tu. Na wewe ume-miss yeye."

Nikajaribu mzaha, nikamuuliza kama anamwonea wivu. Hakucheka.

"Chebet akishuka hapa August, atakukimbilia ama hatakukimbilia?" akasema. "Akikukimbilia, huyu ata-attack. Utamwambia nini mama yako? Kwetu hii ingekuwa nyama ya Krismasi zamani. Kama bado ako hapa, mtoto anaenda kukaa kwa Cherono Baltimore. Mimi nimemaliza."

Cherono ni dada yake. Naam, Bi Domina, ndiyo maana nakuandikia sasa, karatasi za Chebet zimekubaliwa, anakuja Agosti shule zikifungwa kule nyumbani, ana miaka saba, na Bi Dunstan amempa chumba cha juu chenye dirisha linalotazama malisho. Nimemngojea mtoto huyu hadi nywele zimeanza kunigeuka, na sasa naambiwa atapelekwa Baltimore kwa sababu ya yatima niliyemwokoa kwa mikono yangu, na nikikubali Kiptoo alazwe najisikia muuaji, na nikikataa huenda nikamwua mwanangu, na kila nikijikaza nisimtazame pale kwenye uzio anaguna. Hivi mama anaweza kumfukuza mmoja ili ampokee mwingine? Niambie la kufanya, nami nitalifanya, hata likiwa chungu.

Wako,
Chelagat


Bi Domina anajibu

Chelagat mwanangu, nimesoma hadi mwisho kama ulivyoomba, na nimecheka mara moja tu, pale pa leso, kisha kicheko kikaniishia mdomoni.

Kwanza nikupe haki yako. Barua zinazonifikia hapa College Park ni za waume waliopotelea kwa majirani, mawifi wasiotaka kuondoka, na vijana wanaotaka kuoa watu wawili kwa simu. Sijawahi kuletewa barua ya mtu anayeijua kazi yake na kuipenda namna hii. Wewe uliajiriwa kumtunza bibi kizee, ukaona kinachomliza, ukakishukia hadi zizini. Mtu anayepenyeza mkono kwenye manyoya kutafuta uti wa mgongo kwa sababu hataki kudanganywa na sura, huyo ni mtunzaji, na Bi Dunstan ana bahati kubwa kuliko anavyojua. Mimi ni mtu wa Bukoba, nimekulia migombani, alpaka nimemwona kwenye picha tu, lakini baada ya barua yako nimetamani kuja kusimama katikati yao nikaguniwe.

Haya, sifa zimekwisha. Tuje kwenye hiyo chupa.

Chelagat, ulishindwa wapi? Daktari amekueleza kwa lugha unayoielewa, umekubali kwa kinywa chako, mnyama wa watu amekatwa na kushonwa kwa ajili ya mpango huo, halafu wewe unateremka na maziwa! Unasema ulikwenda kwa sababu amekonda. Mutai amekuambia kweli ukaigeuza mzaha. Ulikwenda kwa sababu wewe ndiye mwenye njaa. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na hapa ni vibaya zaidi, maana atakayelia si wewe, ni mtoto wa miaka saba aliyeanguka chali kwenye nyasi za ugenini. Akinyi umemwona kwa macho yako. Ulihitaji kuonyeshwa mara ngapi?

Na usiniambie habari ya kosa la leso, maana naona unaliingiza kila mahali kama mtu anayetaka kuchapwa. Kumbeba hukukosea. Asingebebwa angekufa, na mimi ningekuwa nasoma barua nyingine. Ulikosea kutomshusha. Nyinyi wafugaji mnalijua hili kuliko sisi wa ndizi: ndama yatima huingia ndani akapata nguvu, kisha siku inafika mama wa nyumba anamsukuma mlangoni, nenda kwa wenzako, na akirudi anafukuzwa na ufagio. Mama yako alifanya hivyo, nina hakika, na hakujiita muuaji. Wewe ulikata mila katikati, ukachukua nusu tamu ya kukumbatia, ukaiacha nusu ya ufagio. Kwenye nyumba yenye moto katikati na ng'ombe uani asingekosa kujifunza yeye ni nani. Kwenye besimenti ya Virginia, kati ya kitanda na kabati, angejifunzia wapi?

Nilimpigia simu mwanamama mmoja anayefundisha mambo ya mifugo kwenye chuo kikuu cha hapa, nikamsomea habari zako bila kukutaja. Alisema daktari wako yuko sahihi, na kwamba hayo mateke unayoyaonea huruma ndiyo shule yenyewe. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa Kiptoo ni hao madume wakubwa wa zizi la chini. Wakimtemea mate wanamwambia, hapa unapita, hapa hupiti. Wewe hukuwahi kumwambia hivyo hata siku moja. Waache waseme. Usiingilie ila ukiona damu.

Basi sikiliza. Kuanzia leo zizi la chini si lako. Mkabidhi Mutai. Ndiyo, huyohuyo anayetaka kumla. Mtu anayemtazama mnyama akaona Krismasi hatashawishika kumpapasa, na hilo ndilo tunalolihitaji. Atawatilia nyasi na maji, hatasema neno, na akiingia ashike ubao mpana mbele ya kifua chake, akisogelewa asirudi nyuma wala asipige. Sindano na kucha za Kiptoo zifanywe na daktari. Wewe utabaki na majike, nao wanakutosha. Hilo eneo la uzio linalotazama jiko lizibeni kwa mbao au turubai, leo, si wiki ijayo, ili asikuone wala usimwone. Akiguna washa redio. Jina lake usiliite, hata jikoni, hata ukimsimulia Bi Dunstan. Na chupa itupe. Usiiweke kabatini kwa ukumbusho. Itupe mbele ya mumeo.

Agosti daktari atakuja. Huenda akakuta dume lililotulia, linalokula na wenzake, lisilokuwa na habari na wewe, na siku hiyo utaumia kidogo na utafurahi sana. Huenda akakuta bado ni hatari. Akisema hivyo utakubali, hutabembeleza siku moja zaidi, na utamshukuru. Umeniuliza kama mama anaweza kumfukuza mmoja ili ampokee mwingine. Swali hilo limepinda. Kiptoo ni mnyama mzuri uliyempa uhai, na mwenye kumpa mnyama uhai ndiye anayebeba pia zamu ya mwisho. Huo nao ni utunzaji. Lakini yeye si mwanao, Chelagat. Mwanao ni mmoja, na yuko Nandi anahesabu siku hadi shule zifungwe.

Na wewe Mutai, maana najua unasoma hii ukiwa umesimama nyuma ya mkeo. Umesema kweli juu ya hatari, na ninakuheshimu kwa hilo. Ila Baltimore niondolee. Mtoto aliyetenganishwa na mama yake akiwa bado ananyonya hawezi kuvuka bahari halafu akawekwa kwa dada yako kama sanduku linalosubiri mwenyewe. Pakiwa na shaka hata kidogo siku anapofika, mnyama ndiye ahamishwe shamba, mtoto alale chini ya paa la mama yake. Hilo halina mjadala, na usimtishe tena mkeo nalo.

Sasa nifunge mlango tuzungumze sisi wawili, Chelagat.

Umeniandikia kope za alpaka, kucha zao, maji wanayoyapenda, sehemu ya mwili inayofaa kumwagiwa maji, joto likizidi. Kuhusu Chebet umeniandikia umri wake na mwezi wa kuja. Hukuniambia anapenda kula nini. Hukuniambia anaogopa nini, ni mcheshi au mkimya, anasukwa na nani. Si kwamba humpendi, mwanangu. Hujui. Hujui kwa sababu hukuwepo, na hukuwepo kwa sababu ulikuwa huku ukimtafutia njia ya kuja, na hakuna mtu mwenye akili atakayekulaumu kwa hilo. Lakini utakapofika uwanja wa ndege wa Dulles usidhani unaenda kuchukua kile kitoto cha miaka miwili kilichokuachia joto mgongoni. Kile hakipo tena. Anayeshuka ni msichana mwenye mambo yake, meno mapya mbele, na nyanya yake moyoni.

Jumamosi hii mpigie mama yako, umwombe akuhadithie mtoto huyo tangu asubuhi hadi analala. Uliza kila kitu, kama ulivyomuuliza Bi Dunstan habari za minyoo. Kisha zungumza na Chebet mwenyewe, umwache aseme anachotaka, hata kama ni habari ya kuku.

Mwanangu Anna alikuja akiwa na miaka tisa. Nilikuwa nimepika ndizi, nyama, maharage, nimetandika shuka mpya, nimevaa gauni ambalo nilidhani analikumbuka. Alisimama nyuma ya kigari cha mizigo, akanipa mkono kama anamsalimu mwalimu mkuu, akasema, "Shikamoo." Usiku huo alimlilia bibi yake hadi akalala na viatu. Nilikaa mlangoni kwake na sikuingia, na sijui nguvu hiyo niliipata wapi, lakini nashukuru niliipata. Siku ya kwanza aliponijia mwenyewe ilikuwa kuniomba nimkate kucha.

Chebet naye atamlilia nyanya yake. Mwache alie, mpe simu azungumze naye, na akimwita nyanya "mama" mbele yako usionyeshe uso. Usimbane kifuani hadharani ili watu wa kanisa wapige picha. Usimnunulie kila kitu siku ya kwanza. Msikilize usiku akigeuka kitandani, umjue kidogokidogo, naye akujue. Na wewe huenda kwa wiki nyingi asikuite mama. Atakuita anti, kama watoto wetu wanavyofundishwa kumwita kila mwanamke mgeni, tena kwa adabu, huku anakutazama usoni kuona utafanya nini. Mutai asimkemee. Wageni wasimcheke. Na wewe usimsahihishe, hata mara moja. Akikuita anti, itika.